Nyama Isiyo na Matumbo

Friza ya Jennifer ilikaa sebuleni, kando ya kochi, kwa sababu hakuamini kitu asichokiona. Alikuwa ameipanga kwa namna yake. Nyama ya ng'ombe chini, kuku katikati, minji na mahindi mabichi juu. Kila kifurushi kilifungwa na kuandikwa kwa kalamu kimetoka wapi. Cha bucha ya Kaplong kiliandikwa bucha, na kabla ya kukifunga alikuwa ameutafuta kwanza mhuri wa daktari wa mifugo kwenye mnofu. Wanawake wa mtaani walimcheka. "Kwa Jennifer hata kuku akiingia friza anaulizwa kitambulisho," walisema. Aliwaacha wacheke.

Wiki hiyo alikuwa na sababu ya kuangalia mara mbili. Jumamosi wageni wangekuja kutoka Merigi kwa ajili ya koito ya binti yake Winny, familia mbili zikae na kukubaliana mahari. Watu wangekula kwake. Mgeni mmoja akiugua tumbo, jina la Winny lingeanza ndoa likiwa limechafuka.

Jumatano alirudi kutoka kupima majani chai, akafungua friza hata kabla ya kuvua gamboti. Kuku walikuwa juu ya minji. Chini kabisa, mahali pa nyama yake, kulikuwa na mafurushi manne makubwa yaliyofungwa kwa gunia la mbolea.

"Johana! Nani ameingiza mkono hapa?"

Mumewe alikuwa nje akimfunga ndama. "Ni Noah. Amechinja ile mtamba yake. Ameleta mchango wa koito, nikamsaidia kuupanga."

"Noah?"

"Ndiyo, Noah ndugu yangu. Kwani unajua Noah mwingine?"

Jennifer alimjua Noah mmoja tu, na huyo hakuwa mtu wa kuleta hata kibiriti bila kukidai baadaye. Halafu alikuja saa ambayo mwenye friza yuko shambani. Alikata kamba ya furushi moja kwa kisu. Nyama ilikuwa nyeusi, na damu iliyovuja kwenye gunia ilikuwa nzito kama lami. Ng'ombe aliyechinjwa hutoka damu. Huyu damu yake ilibaki ndani.

Akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akateremka hadi kwa Phyllis, mke wa Noah. Alimkuta akichambua mboga.

"Chamgei, Mama Kim."

"Chamgei mising. Mbona haraka hivyo?"

"Nimekuja kushukuru kwa nyama. Lakini matumbo sijaona. Mlimpa nani?"

Phyllis aliendelea kuchambua. Ng'ombe hachinjwi kimya kule. Akianguka tu, wanawake wa jirani wako hapo na beseni zao kugawana matumbo, na mbwa wa kijiji kizima wanajua. Jennifer hakuwa amesikia hata mbwa mmoja.

"Tulizika," Phyllis akasema mwishowe.

"Mlizika matumbo?"

"Uliza shemeji yako. Mimi usiniweke katikati."

Jennifer alirudi nyumbani. Alimwambia Johana kwamba yule mtamba alikufa mwenyewe. Alitaja kimeta, ugonjwa ambao kila mfugaji anauogopa, unaomtoa ng'ombe damu puani na kuua hata anayekula nyama yake.

"Wewe unashuku mpaka kivuli chako," Johana akasema. "Nimwambie ndugu yangu mchango wake ni mzoga? Mbele ya ukoo? Mama Winny, unataka kunitenganisha na Noah kwa sababu ya matumbo?"

"Basi mwambie aje kesho jioni tupange wageni watakaa wapi. Si yeye atakayetusemea?"

"Atakuja. Na usimtukane."

"Nitampikia," Jennifer akasema.

Kesho yake alinunua nyama nyingine bucha, yenye mhuri, akaipika pamoja na nyanya na dania, mpaka harufu ikajaa nyumba. Noah akaja amevaa koti la kanisani, akaketi, akauliza habari za Merigi, akacheka sana. Jennifer akaweka ugali mezani, na bakuli la nyama katikati.

"Karibu shemeji. Leo unakula jasho lako. Hii ni ile uliyoleta."

Kicheko cha Noah kikakatika. "Ah, ungeiweka ya wageni."

"Lazima mwenyewe aonje kwanza."

"Mimi nimeshiba. Nilipita kwa Joram, akanipa chai na viazi."

"Kipande kimoja tu."

"Jino linanisumbua, shemeji."

"Nimeichemsha, imelainika hata mzee asiye na meno anakula."

Johana, aliyekuwa na njaa na aliyechoshwa na maneno hayo, alimega ugali na kunyoosha mkono kwenye bakuli. Noah akaushika mkono huo kwa nguvu mpaka ugali ukaanguka mezani.

"Johana, usile."

Johana alimtazama ndugu yake, halafu mkono uliokuwa umeshikwa.

"Nilimkuta amelala," Noah akasema kwa sauti ndogo. "Damu puani. Nilishaahidi mbele ya wazee kwamba nitaleta ng'ombe. Nikafikiri mkichemsha sana..."

"Kwako mmekula?" Jennifer akauliza.

"Phyllis alikataa."

"Mke wako akakataa, ukawaletea wageni wa Winny." Akavuta bakuli, akatia kipande mdomoni, akatafuna huku akimtazama. "Hii ni ya bucha. Yako bado iko kwenye gunia."

Asubuhi daktari wa mifugo alikuja amevaa glavu. Alichukua kipande cha kupima, lakini hakutaka kusubiri majibu. Kwa kuwa furushi lilikuwa limevuja, vyote vilivyokuwa ndani ya friza vikatolewa, kuku, minji, hata nyama yenye mhuri, vikachomwa na kufukiwa ndani sana. Friza ikaoshwa kwa dawa. Jennifer, Johana na Noah wakapelekwa hospitali kupewa vidonge, kwa kuwa waliigusa. Njiani Noah aliomba asilazimishwe kusema chochote Jumamosi. Johana akamjibu kwamba Noah atasema, tena kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumamosi kulikuwa na kuku wa kienyeji waliochinjwa asubuhi hiyo, mboga, ugali na mursik, maziwa ya mgando. Mama wa kijana aliyemposa Winny, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alizungusha macho mezani.

"Ng'ombe hakuna?"

Johana, aibu ikimrudia, alifungua mdomo adanganye kwamba stima ilipotea na nyama ikaoza. Jennifer akamtazama Noah. Noah akasimama, koti lake la kanisani limefungwa mpaka kifungo cha juu, akaeleza yote, tangu mtamba mpaka gunia. Wazee wa Merigi walinong'ona. Mmoja alishachukua kofia yake.

Yule mama hakunong'ona na mtu. Alikwenda kwenye friza, akafungua, akanusa dawa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mfuniko.

"Ulijuaje?" akamuuliza Jennifer.

"Niliuliza matumbo yako wapi."

"Na Winny naye huuliza hivyo?"

"Huuliza. Mpaka anachosha."

Yule mama akafunga friza. "Mzee, weka kofia chini," akamwambia aliyesimama. "Hatujaanza kuongea." Akaketi, akavuta sahani, akageuka tena. "Hawa kuku, wametoka banda gani?"

Jennifer akamwonyesha dirishani.