Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Baba alikipenda kile kigari chenye umbo la boksi. Miaka yote anatoka Kiwalani kwenda kufundisha kwa basi, na siku ile pale kwa dalali wa magari Mikocheni alikizunguka mara nne akitabasamu peke yake.

"Mzee, hii ilikuwa ya mama mmoja tu," dalali alisema. "Kazini, kanisani, nyumbani. Haijui hata vumbi."

Mie nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, maana mbele ya watu nisiowajua huwaga sisemi. Ili mikono ipate kazi, nikauvuta mkanda mpaka mwisho. Kule mwisho, sehemu ambayo haitokagi nje, ulikuwa na tope kavu lililoacha mstari. Mstari ule naujua. Upo kwenye ukuta wa sebule yetu tangu mafuriko.

Kigari kilishawahi kuzama majini, na baba ameshashika kalamu asaini mkataba. Kusema mbele ya dalali nilishindwa, basi nikashuka, nikamvuta baba shati.

"Baba, njoo ukae nyuma kidogo."

"Binti yako anataka kuendeshwa, mzee," dalali akacheka.

Baba alikaa. Nikampa ule mkanda. Aliligusa tope kwa kidole, akanusa, akauachia mkanda urudi taratibu. Akamrudishia dalali kalamu yake na kumwambia asante, kijana.

Tulitembea mpaka kituo cha basi.

"Kilikuwa kizuri lakini," baba alisema.

Nikamwambia ndiyo, kilikuwa kizuri.