Kurasa 184 kwa Saa Tatu: Majuto ya Karani Arlys Tvedt

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Arlys Tvedt anapanda ngazi nne za jukwaa la Baraza la Wawakilishi la jimbo letu. Mkono mmoja una glasi ya maji ya uvuguvugu, mwingine una mswada wa kurasa ishirini na mbili. Karatasi bado zina joto la mashine. Kamati iliupitisha saa moja na nusu, wajumbe wengine wakiwa wamesimama, wengine wakitafuna mkate.

Hivyo ndivyo kikao maalumu kinavyokwenda. Gavana hutoa tangazo la wito na kutaja anachotaka kishughulikiwe. Wajumbe sabini huacha mashamba, maduka na ofisi zao, wakaja kufanya kwa siku nne kazi ambayo kikao cha kawaida hupewa miezi minne. Safari hii wito una jambo moja tu: fidia ya mafuriko. Kisichotajwa kwenye wito hakijadiliwi.

"Ni kama ndoa ya mkeka," anasema Dewey Lommen, bawabu wa mlango mkuu wa ukumbi. "Kila mtu anajua kuna sababu ya haraka, na hakuna anayetaka maswali."

Arlys, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ni karani msomaji kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Hapigi kura, hachangii hoja, hapingi. Kazi yake ni kusoma kwa sauti kile ambacho wengine watakipigia kura. Hulipwa dola mia mbili na kumi kwa siku ya kikao; baraza likifungwa, huendesha basi la shule.

Asubuhi hii, kabla hajaiweka glasi mezani, anainua macho kwenye roshani ya wageni. Anamtafuta Marisol Quade, mkalimani wa lugha ya alama. Marisol amekaa pembeni, mikono magotini, mbele ya viziwi sita waliokuja kusikiliza habari za mafuriko kwa macho yao.

Arlys anamuuliza kwa alama kama yuko tayari. Marisol anajibu kwamba yuko tayari.

Ndipo karani anapofungua ukurasa wa kwanza. Kuna wakati alikuwa hatazami juu kabisa. Hilo ndilo jambo analolijutia.

Humu ukumbini wanamwita Cherehani. Jina hilo alipewa mwaka wake wa tatu kazini, siku aliposoma orodha ya miswada arobaini kabla Spika hajamaliza kikombe cha kahawa. Wajumbe walipenda. Mswada husomwa mara tatu katika siku tatu tofauti, isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wakikubali kutengua kanuni, na kwa kawaida husomwa jina lake tu. Lakini katiba ya jimbo ina haki moja ya zamani: katika usomaji wa tatu, mjumbe yeyote akidai mswada usomwe wote, lazima usomwe, neno kwa neno.

Siku kama hizo, wenye haraka walimtegemea Cherehani. Walimnunulia hata saa ya kupimia mbio, ya fedha, yenye jina lake mgongoni. Alikuwa akiiweka mezani wakati wa kusoma.

"Nilijivuna, kwa nini nikufiche?" anasema, tukiwa katika chumba kidogo cha makarani nyuma ya jukwaa. "Nilikuwa mtoto wa mfuga ng'ombe. Sikuwa mzuri wa sura, sikusoma chuo. Ila ulimi wangu ulikuwa unajulikana jimbo zima."

Kasi hiyo aliipata nyumbani. Mdogo wake, Verlyn, alipoteza usikivu kwa homa akiwa na miaka mitatu. Alipelekwa shule ya bweni ya viziwi ya Tilden Creek, na kila likizo alirudi na alama mpya, akamfundisha dada yake zizini. Wazazi hawakuzishika vizuri. Mezani, Arlys ndiye aliyekuwa mdomo wa Verlyn.

"Nilisemea watu wawili," anasema. "Ukisemea wawili lazima uharakishe, la sivyo mwenzako hapati zamu yake."

Verlyn alimaliza shule hiyohiyo, akabaki hapo kufundisha useremala. Alifundisha miaka ishirini na miwili.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, Gavana wa wakati huo aliita kikao maalumu kuziba pengo la bajeti. Mswada ulikuwa na kurasa mia moja themanini na nne. Ndani yake, miongoni mwa barabara, magereza na ada za leseni za uvuvi, kulikuwa na mistari tisa ya kuifunga Tilden Creek.

Hesabu ya kura ilijulikana na kila mtu. Wanaounga mkono walikuwa thelathini na wanne. Wanaopinga walikuwa thelathini na sita, lakini watatu kati yao walikuwa wamekwenda kaskazini kumzika jirani, na theluji ikafunga barabara kuu. Walikuwa njiani, gari lao likitambaa nyuma ya greda la kusafishia theluji.

Saa nane mchana, mswada ulipoitwa kwa usomaji wa tatu, alisimama Gerhard Pruss, mkulima wa viazisukari mwenye umri wa miaka sabini na saba, mjumbe mwenye kofia moja na maneno machache.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "nadai usomwe wote."

Kwa mwendo wa binadamu, kurasa zile zingechukua saa tano. Pruss alizihitaji saa hizo tano ili wale watatu wafike, basi.

Arlys alipofungua ukurasa wa kwanza, mkono fulani kutoka safu ya mbele ulimsogezea kijikaratasi. Bado anacho. Kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: *Cherehani, rekodi yako ni kurasa 58 kwa saa. Vunja.*

Akaivunja.

Alisoma kurasa mia moja themanini na nne kwa saa tatu na dakika nne. Baadhi ya wajumbe waligonga meza kila alipofungua ukurasa. Alipomaliza, saa kumi na moja na dakika nne jioni, ukumbi ulisimama ukampigia makofi, na yeye akainamisha kichwa kupokea.

Hoja ya kukata mjadala ilipita. Kura zikapigwa: thelathini na nne kwa thelathini na tatu. Dakika thelathini na nne baadaye, mlango mkuu ulifunguliwa, wakaingia wajumbe watatu wenye theluji mabegani.

Dewey ndiye aliyewafungulia. "Mmoja aliniuliza, 'Bado anasoma?' Nikamwambia, 'Mama, vua koti kwanza.'"

Pruss alimfuata Arlys chini ya jukwaa. Hakupandisha sauti.

"Arlys, nilihitaji saa tano. Umenipa tatu."

"Ungeniambia, Mheshimiwa."

"Ningekwambiaje? Karani haambiwi. Nilidhani unaviona viti."

Aliviona. Hilo hakatai. "Viti vitatu vitupu, mstari wa nne. Niliviona na nikajiambia, mimi karani, sina upande. Kanuni haisemi usome kwa kasi gani. Lakini aliyenipa kijikaratasi alijua kasi ni ya upande wake. Mimi nikadhani ananisifu."

Kuna watu watakaomtetea kwamba alitekeleza kazi. Waliompigia makofi ndio wa kwanza kusema hivyo, na wengine wao wamerudi kwenye viti vyao, wamenyoa vizuri, wanalala usingizi mzuri. Asiyelala ni mwanamke ambaye hakupiga kura.

Maana roshani nayo ilikuwa imejaa siku ile. Viziwi wapatao thelathini walikuwa wamekuja, Verlyn akiwa mbele. Marisol aliwatafsiria.

"Nilimfuata mpaka ukurasa wa kumi na tisa hivi," anasema Marisol. "Vidole vikafa ganzi. Nikawaambia kwa alama, siwezi, anakimbia mno. Nikashusha mikono. Nilitegemea atanyanyua kichwa aone. Hakunyanyua."

Kwa zaidi ya saa mbili na nusu, watu thelathini walitazama mdomo wa Arlys ukienda, bila kujua unasema nini kuhusu shule yao.

Baada ya kura, Verlyn aliteremka ngazi. Dada yake alidhani atamtukana. Akamuuliza swali moja tu kwa mikono: shule ilikuwa ukurasa wa ngapi?

Arlys anazungusha glasi yake.

"Sikujua," anasema. "Elewa hapo. Nilikuwa nimeisoma kwa mdomo wangu, kazi ya ndugu yangu, na sikujua nimeipita wapi. Akasubiri jibu. Nikatikisa kichwa. Akaenda zake."

Ilikuwa ukurasa wa mia moja thelathini na moja.

Watoto arobaini na mmoja walitawanywa kwenye shule za kawaida. Verlyn alihamia mji ulio maili mia tatu kusini, anapanga maboksi katika ghala la duka kubwa. Sikukuu ya shukrani Arlys humtumia pai ya maboga kwa posta. Sahani hurudi imeoshwa, bila barua.

Ile saa ya fedha iko kwenye droo. Haijatiwa ufunguo tangu siku hiyo.

Tunarudi ukumbini. Saa nne na robo, kanuni zimetenguliwa ili mswada wa mafuriko usomwe mara zote tatu leo. Kabla ya usomaji wa tatu, Pruss, ambaye sasa ana miaka themanini na kofia ileile, anasimama na pendekezo la mistari mitatu: karakana ya useremala ya Tilden Creek ikarabatiwe na ifunguliwe.

"Mheshimiwa Pruss," anasema Spika, "hilo halimo kwenye wito wa Gavana."

"Mheshimiwa Spika, mafuriko yamebomoa ukuta wa karakana. Maji ni maji."

Watu wanacheka.

"Maji ni maji, mzee wangu, ila shule si mafuriko. Nje ya utaratibu." Nyundo inagonga.

Arlys anatazama karatasi zake. Karani hana uso.

"Basi," anasema Pruss, "nadai mswada usomwe wote."

Manung'uniko yanapita safu kwa safu. "Mzee, wengine tuna ndege!" anapaza sauti mmoja wa nyuma.

"Nyinyi mna ndege, mimi nina haki."

Arlys anaanza. Anasoma sentensi, anatua, anainua macho mpaka mikono ya Marisol itulie, ndipo anaendelea. Dakika ya kumi, yuko ukurasa wa tano.

"Cherehani, sindano imevunjika?" anauliza mtu, si kwa siri.

"Imebadilishwa," anajibu Dewey mlangoni, naye akajifanya anakohoa.

Arlys hageuki. Ukurasa wa tisa unasema fidia italipwa kwa "mwenye hati ya nyumba iliyoharibika." Anatua kama kawaida. Mikono ya Marisol inamaliza. Kule roshani, mzee mmoja kiziwi anamgeukia mkewe, anajigusa kifua, kisha anatikisa kichwa: mimi sina hati, mimi mpangaji.

Chini, mjumbe kijana wa wilaya ya mtoni anaacha kuchezea simu. Anafungua ukurasa wa tisa, anausoma tena mwenyewe, midomo ikicheza.

Usomaji unachukua dakika arobaini na saba. Unapokwisha, mjumbe yule anasimama. "Mheshimiwa Spika, wapangaji je? Nusu ya watu wangu wamepanga. Hii kitu tumeiona saa ngapi?"

Hakuna aliyeiona. Kamati haikuiona saa moja na nusu na mkate mdomoni. Mswada unarudishwa hatua moja, maneno manne yanaongezwa, unasomwa tena na kupita kwa kura sitini na nane bila anayepinga. Tarishi anauchukua kwenda Seneti, upande wa pili wa jengo. Roshani inainua mikono na kuipunga hewani. Ndivyo viziwi wanavyopiga makofi.

Arlys anawatazama mpaka wa mwisho ashushe mikono.

"Kumbe husikika," ananiambia baadaye, akivua miwani. "Miaka yote hii nilidhani hakuna anayesikiliza, kwa hiyo hakuna tofauti. Kumbe ni mimi niliyekuwa nawanyima."

Alipaswa kustaafu mwezi wa sita. Amerudisha fomu bila kuijaza. Mwezi wa kwanza kikao cha kawaida kitafunguliwa, ambamo hakuna wito wa kumfunga mtu mdomo, na Pruss ameshaandika mswada wa kufungua tena shule, kuanzia karakana. Una kurasa tatu. Hana uhakika wa kura, na umri haumngoji. Arlys hawezi kumwombea kura hata moja.

"Siwezi kuutetea," anasema. "Naweza kuusoma. Na nataka nikiusoma, yeye awepo pale juu, aone kila neno linavyopita."

Ndiyo maana, mwezi uliopita, alimwandikia Verlyn barua. Alimtajia ukurasa: mia moja thelathini na moja, kuanzia mstari wa nne. Akaeleza habari za mswada mpya na tarehe. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Anasema maneno mengi ndiyo yaliyomponza.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwenye simu. Ananionyesha. *Kurasa tatu? Kwako hizo ni dakika tatu. Nisafiri maili mia tatu kwa dakika tatu?*

Ni utani wa kwanza baina yao kwa miaka mitatu, kama kweli ni utani. Arlys alikaa nao kutwa nzima akiendesha basi la watoto, akiugeuza huku na huku. Jioni akamjibu: *Beba chakula cha mchana.*

Mpaka tunakwenda mitamboni, Verlyn alikuwa hajajibu.