Umande Ndani ya Kamera

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu mwenyewe, mwanangu, na mume wangu anajua hivyo na ameshazoea. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 2007. Nilikuwa Molo, nimekaa kwenye kiti cha mbao, kamera iko mapajani mwangu imeachwa wazi mlango wake wa kanda, na watu wazima wa ukoo mzima wananifokea niiwashe. Sikuiwasha. Walinifokea karibu saa nzima na sikuiwasha, na hata leo wakirudi wote na makoti yao yale mazito, siiwashi.

Lakini usinisifu bado. Ninakuhadithia haya kwa sababu nilikuwa nimeshaiwasha mara moja kabla ya hapo.

Umeniomba kamera ya kanda uende nayo kwenye shughuli ya rafiki yako, eti siku hizi mnapenda picha zenye rangi ya zamani. Nitakupa. Ila wewe umezoea simu, unaitoa mfukoni popote na inafanya kazi. Kamera hii ndani yake ina utepe mwembamba unaopita juu ya gurudumu dogo la chuma, na gurudumu hilo huzunguka kwa kasi ajabu. Unyevu ukiingia kati ya utepe na chuma, hata ule usiouona kwa macho, utepe unanata na kukunjamana, na kilichokuwa juu yake ndiyo basi tena. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu uichukue.

Siku hizo nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nikipiga video kwa Mzee Harbans, Kalasinga aliyekuwa na studio ndogo mjini Nakuru. Kabla ya kamera alikuwa fundi wa redio, na aliiheshimu mashine kuliko alivyowaheshimu wateja. Kila nilipotumwa upande wa milimani alinirudishia maneno yale yale: kamera ikitoka kwenye baridi isifunguliwe ndani ya nyumba yenye joto, ibaki kwenye begi na zipu imefungwa, mpaka saa moja ipite. Nilikuwa nikimwitikia huku nimeshafika mlangoni. Nilikuwa mjuaji, kama wewe sasa, na usinune.

Bibi harusi aliitwa Njeri. Alikuwa mwalimu, na alikuja studio mwenyewe wiki moja kabla. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na shosho, yaani nyanya yake, na shosho huyo sasa alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi kufika kanisani. Njeri alikuwa amepanga aingie chumbani kwake na gauni kabla ya kwenda kanisani, ili ambariki.

"Keki ukikosa, sawa," aliniambia. "Pasta ukimkosa, pia sawa. Lakini shosho akiniona na gauni, hiyo ndiyo nataka. Hapo usiniangushe, tafadhali."

Nikamwahidi.

Asubuhi ya harusi pikapu ilinichukua Nakuru mapema. Mbele walikaa dereva na shangazi wawili wa Njeri waliolibeba gauni kama mtoto mchanga, nami nikabanana nao. Begi la kamera likaenda nyuma, chini ya turubai, pamoja na kreti za soda. Unaijua Molo ya mwezi wa saba. Tulipofika ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Kamera ilikuwa imeoga baridi hiyo njia nzima.

Sasa, watu wa kule mgeni wao humkimbiza kwenye jiko kabla hata hajataja jina. Shangazi mmoja alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja chumbani kwa shosho, ndiko kulikokuwa na moto mzuri, na mwenzake akalibeba begi langu. "Lete na huu mzigo upate joto, maskini," alisema, akaliweka kando ya jiko, akalifungua zipu ili joto liingie vizuri. Juu ya jiko sufuria ya majani ya mkaratusi ilikuwa ikichemka kwa ajili ya kile kifua, na mvuke umejaa mpaka madirisha yanatiririka.

Niliona kila kitu, mwanangu. Nilijua hapo si mahali pa kamera. Lakini yule mama alikuwa ameshanipa kikombe cha chai na ananitabasamia, nikaona aibu kukataa wema wa mtu. Nikanyamaza, nikanywa chai.

Hata kikombe cha pili hakikuisha. Njeri akaingia na gauni, na mjomba wake, mzee mrefu aliyekuwa msimamizi wa mambo yote siku hiyo, akasimama mlangoni. "Haya, dada wa video, washa! Saa nne tunatakiwa kanisani." Nikaitoa kamera. Lenzi ilikuwa na ukungu, nikaipangusa kwa ncha ya leso. Nikawasha, na kwenye kioo likatokea tone dogo la maji linalowaka na kuzima. Niliijua alama ile. Nikajiambia itapita, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Wakati huo huo shosho aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alimtazama Njeri kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la marehemu mama yake.

"Wanjiru," alisema. "Umekuja. Nilijua hungekosa harusi ya mtoto wako."

Njeri alifunika mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka, kisha akageuka akanitazama mimi. Alikuwa akiuliza kwa macho kama nimepata. Na mimi, ambaye mkononi mwangu kamera ilikuwa imeshatoa mlio mbaya na kunyamaza, nikamwitikia kwa kichwa. Ndiyo, nimepata. Mpaka leo shingo hii naionea haya.

Nilitoka mbio hadi sebuleni, ambako hakukuwa na moto wala mvuke. Nilipobonyeza kitufe cha kutoa kanda, ilipanda polepole na utepe wake umening'inia kama uzi wa sweta lililofumuka. Sikuuvuta. Niliutegua kidogo kidogo bila kugusa gurudumu kwa kidole, nikaiweka kanda kando. Kisha nikaketi na kamera mapajani, mlango wake wazi, betri nje, nikatangaza kwamba tunangoja saa nzima.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Shosho alikuwa bado hajatoa baraka yenyewe, na pasta alikuwa ameshapiga simu. Mjomba aliniuliza shida ni nini hasa, nikamwambia kuna umande ndani ya kamera.

"Umande?" Aliwageukia wenzake. "Umande uko kwa viazi, dada! Leta hiyo kitu tuweke kwa moto ikauke."

"Mzee, haiendi kwa moto."

"Harusi ni yako ama ni yetu?"

"Harusi ni yenu. Kamera ni yangu mpaka ikauke."

Haikuwa yangu hata kidogo, ilikuwa ya Mzee Harbans, lakini nilikuwa nimekasirika, zaidi ya yote nimejikasirikia mwenyewe. Mjomba alinyoosha mkono aichukue, nikaikumbatia. Mmoja akasema mwanamke hafai kazi za mashine. Nikamwambia awashe basi yeye, na kanda ikiliwa amweleze Njeri. Hakurudia. Njeri mwenyewe alitoka chumbani, akavuta kiti, akaketi kando yangu na gauni lake lote. "Tungoje," alisema. Wao wakaendelea kutufokea, na walipochoka wakanitukana kwa macho.

Saa ilipoisha nikawaomba waitoe ile sufuria chumbani na kufungua dirisha. Nikaingiza kamera ikiwa ndani ya begi, nikaiacha kidogo izoee, ndipo nikatia kanda mpya. Lile tone halikuonekana tena. Shosho akambariki Njeri vizuri kabisa, kwa sala ndefu, safari hii akimwita kwa jina lake. Sikupoteza hata neno. Kanisani tulichelewa, na mjomba hakunisalimia mpaka jioni.

Jumatatu nilimpelekea Mzee Harbans ile kanda iliyokunjamana, huku nikimweleza jinsi nilivyowakatalia watu wa Molo. Nilingoja anipongeze. Aliuinua utepe kwenye mwanga wa dirisha.

"Ukaidi wako ni mzuri, Wangari," alisema, "lakini umefika baada ya hasara. Huyo mama wa chai ndiye ulipaswa kumkatalia."

Nilichukua wiki sita kuikata na kuiunga video, na muda wote huo nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Njeri. Alipokuja alikuwa amevaa nguo nyeusi. Shosho alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Alitazama ile sala mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na ile ya kwanza? Pale aliponiita Wanjiru?" Nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniambia hivi: "Ungeniambia pale pale, ningemwomba aseme tena. Tulikaa saa nzima mimi na wewe, Wangari. Alikuwa macho. Alikuwa hapo ndani tu."



Basi kamera hii hapa. Ukipita nayo kwenye baridi ifunge kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, na usiifungue mpaka izoee joto la mahali. Ukiliona lile tone toa kanda, acha mlango wazi, ungoje, na usiikaushe kwa jiko wala kwa pumzi yako. Usiibebe kwa kushika kile kioo cha pembeni. Kanda ikijaa, sukuma kile kidude chake cha kuzuia kurekodi ili usije ukafuta juu yake, kisha uisimamishe wima mahali pakavu. Hayo mikono itayazoea.

Lililo gumu ni kukataa mapema. Mkatalie anayekufokea, na kabla yake mkatalie anayekutendea wema, tena wakati chai yake ingali mkononi. Wakikuita jeuri, itika. Na ukiharibu, maana utaharibu, sema saa hiyo hiyo, mbele ya yule uliyemharibia, angali anaweza kuokoa kitu. Usiitikie kwa kichwa jambo ambalo mkono wako haukulifanya.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe uso mkavu mbele ya wanaokuharakisha na ulimi mwepesi wa kukiri kosa. Na wale utakaowapiga picha wakujie miaka mingi baadaye kukushukuru, wasikujie kukuuliza.