Chupa Tisa za Vumbi

Nilikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile ya Mirdif, Dubai, nilipoziosha chupa za madam. Zilikuwa tisa, zimepangwa stoo, kila moja na vumbi kidogo chini. Mimi niliyelelewa Tanga na mama asiyevumilia hata kikombe chenye alama ya chai, ningeziachaje? Nilizisugua, nikabandua na vikaratasi vyake, nikazianika juani. Nikajiona mfanyakazi hodari kweli.

Madam ni Mjapani, daktari anayechunguza mzio, yaani kwa nini mwili wa mtu hugombana na vitu visivyowadhuru wengine. Vumbi lile alikuwa amelikusanya kwa miezi kwenye magodoro ya watu. Mimi nililidhani ni uchafu.

Alipoingia stoo jioni alizishika chupa moja moja, akiziinua kwenye mwanga. Afadhali angefoka. Kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu, alikuwa yeye. Akisema khalas, yaani basi, napanda ndege kurudi Tanga, na wanangu wawili wanafukuzwa shule kwa kukosa ada. Nikaanza kulia, na mimi nikilia hukohoa. Nilikohoa mpaka nikakaa sakafuni.

Hapo akasahau chupa. Aliniuliza kikohozi kile kimeanza lini. Nikamjibu tangu utotoni, nimeshazoea. Akakaa chini karibu yangu, akanisimulia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kwao, kila mierezi ilipotoa chavua, mama yake alifunga madirisha akakohoa ndani wiki nzima nzima. Mama yake naye alisema amezoea. Madam alikuwa mtoto, hakuwa na la kufanya, na ndiyo maana akasomea udaktari.

"Usizoee," aliniambia.

Kesho yake alinipeleka kliniki. Kumbe tatizo lilikuwa vijidudu vya vumbi, na godoro langu lilikuwa limejaa. Akaninunulia jipya. Chupa tulizijaza upya pamoja, mimi nikimbishia hodi kila dada wa kazi ninayemjua, maana sisi ndio tunaojua vumbi linakojificha. Ya kwanza ilijazwa kwa vumbi la godoro langu la zamani.

Huu ni mwaka wa sita niko naye, na sijui nimshukuru vipi mtu niliyemharibia kazi akanitibu kifua. Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, anakohoa. Nilipomuuliza, akacheka.

"Mama, mbona nimeshazoea."

"Usizoee," nikamwambia, nikampelekea madam simu.