Ua la Kwenye Picha

Kwa miaka mitano mama aliamini kwamba sijatoka Amerika hata mara moja. Kisha nikamtumia picha, akaacha kuamini.

Ilikuwa Pasaka, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunatoka Irving kwenda Stafford kumwona binamu yangu, na njiani, mahali penye mchanga mwingi, nikaegesha gari na kumketisha binti yangu katikati ya maua ya buluu. Huku Texas kila mzazi hufanya hivyo maua hayo yakichanua, nami sikutaka mtoto wangu apitwe. Nyuma yake kulikuwa na seng'enge na ng'ombe wawili. Nikaituma picha nyumbani bila kuandika hata neno moja nyuma yake.

Sasa, maua hayo ni aina ya lupini, na kwetu nyanda za juu kuna lupini pia. Huota pembezoni mwa msitu, buluu ile ile, na sisi tulikuwa tukiyaita magugu. Mama alipoiona picha aliona magugu yake, seng'enge ya jirani na ng'ombe wa jirani. Akaamua kwamba nilikuja nchini, nikapanda hadi msituni kupiga picha, nikarudi zangu bila kupita kwake. Hilo kwetu ni tusi. Mjukuu aliyezaliwa ng'ambo huingia kwanza mlango wa bibi yake, bibi amtemee mate kifuani kumbariki, ndipo mtoto aende kwingine.

Nilipompigia simu aliniuliza jambo moja tu. "Mlango wangu ulikukosea nini?"

Nikacheka, na kwa kucheka nikaharibu zaidi. Nilikuwa nimemweleza mara nyingi kwamba karatasi zangu bado zinashughulikiwa na nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Lakini kwa mama, mtu anayetaka kwenda kwao huenda. Jamani, nilitamani kwenda kuliko kitu chochote. Niliota jiko lake, moshi wake, hata kikohozi chake cha asubuhi.

Nikachuma ua la mwisho mwisho kando ya maegesho yetu pale Irving, nikalikausha ndani ya Biblia, nikampelekea alilinganishe na ya kwetu. Jibu lilifika Juni. "Hili lina kofia nyeupe," aliandika. "La kwenye picha halina. Umenidanganya mara ya pili."

Nilikasirika, nikasema mama amezeeka na ukaidi unamzidi. Wakati huo nilikuwa natunza wazee, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa biolojia aliyestaafu, mwanamke mkali asiyependa chai yangu. Nikamwonyesha picha na kumtafsiria barua. Akaagiza nimletee lenzi yake ya kukuzia, akaangalia muda mrefu, kisha akasema mama yangu ana macho mazuri kuliko yangu.

Yalikuwa maua mawili tofauti, na mimi niliyekuwa nikiyapita kila mwaka sikujua. Jani la yote mawili limegawanyika kama vidole vya kiganja. La Irving lina vidole vyenye ncha kali, na shada lake humalizikia juu kwa weupe, ile kofia ya mama. La mchangani vidole vyake ni butu, weupe huo hauonekani, na petali zake mbili za pembeni zimevimba kama mashavu ya mtoto aliyejaza uji mdomoni. Mama aliyaona hayo kwa miwani ya kusomea Biblia. Amechambua maharagwe maisha yake yote, ningemdanganya vipi?

Lakini msimu ulikuwa umepita. Nikangoja karibu mwaka mzima, na mwaka huo mama alinijibu simuni kwa mkato, kama anavyomjibu karani wa chifu. Maua yaliporudi niliendesha gari peke yangu hadi pale penye mchanga, nikapiga magoti na kupapasa majani, moja moja, hadi nikapata lenye vidole butu. Watu walikuwa wakisema ni kosa kuyachuma. Nilichungulia barabara pande zote, mimi na karatasi zangu ambazo hazijakamilika, nikang'oa mche mzima na mizizi yake.

Wiki kadhaa baada ya kuutuma nilimpigia. Alikuwa ameupokea. Alipanda nao hadi msituni, na magoti yake yale yanayomuuma, akauweka kando ya lupini ya kwetu.

"La kwetu linanifika kifuani," alisema. "Lina manyoya rangi ya kutu. Lako ni fupi, na halina manyoya hayo. Vidole ni butu kama kwenye picha. Si la kwetu."

"Kwa hiyo sasa unaniamini?"

"Nakuamini." Nikamsikia akivuta kiti, akakaa. "Mwaka mzima nimekukasirikia. Lakini kila nikienda kulala nilijiambia, angalau walifika pale juu. Angalau mtoto alikanyaga udongo wetu. Kumbe mko mbali hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, hata kwa kicheko. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nikamwita binti yangu aje amsalimie bibi yake, na kadi ya simu ikaisha kabla hajafika.