Siku Niliyoonyesha Kanisa Zima Tumbo Langu

Aibu hii heri niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu nikimwachia Akinyi ataongeza chumvi, na yenyewe haihitaji chumvi.

Vijana wa kanisa moja la Kawangware waliniomba mimi na Akinyi, niliyesoma naye chuo, tuwaeleze kazi zetu, maana watu huzichanganya sana: mimi napiga picha za eksirei, yeye anatibu saratani kwa mionzi. Nikakubali haraka (hapo ndipo anaposali mama yake Wanjiku, msichana ninayetaka kuoa, na huyo mama mwenye ploti zake za kupangisha alikuwa bado hajaamua kama mimi ni mkwe au mpangaji tu mwenye shati safi).

Sasa, picha za wagonjwa si za kutembeza, kwa hivyo nikaamua kubeba yangu, ile ya mkono niliouvunja nikicheza mpira. Nilikuwa nimechelewa kutoka kwangu Kambi Muru, nikavuta bahasha juu ya kabati bila kuifungua, nikakimbia. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Akinyi alianza, akaongea vizuri mpaka watu wakatulia. "Mgonjwa wangu anarudi karibu kila siku, wiki baada ya wiki," akasema. "Namjua mpaka majina ya watoto wake. Barasa hapa, mtu akishatoka kwa chumba chake, pengine hawaonani tena."

Nikaona nimewekwa chini. Nikasimama kwa madaha, nikasema bila sisi hata huo ugonjwa hauonekani, kisha nikainua picha kwa dirisha huku nikiwatazama watu, sio picha. "Niambieni mnaona nini."

Mama Wanjiku, mstari wa mbele, akavaa miwani. "Naona nyonga," akasema. "Na hii kitu imejaa hapa kama viazi kwa gunia ni nini?"

Nikageuka. Haukuwa mkono. Lilikuwa tumbo langu, la ile wiki niliyofunga choo (nilikula mapera mengi, msiniulize). Ningesingizia mtu mwingine, lakini kijana mmoja akasogea akasoma, "Hapa kwa kona imeandikwa Barasa."

"Ni nini, Barasa?" mama akarudia.

"Ni choo, mama."

Kanisa likacheka mpaka Akinyi akakaa chini. Jasho lilinitoka hadi kwa soksi, lakini sikuwa na picha nyingine, ikabidi nieleze hiyo hiyo: vile daktari aliogopa utumbo umeziba, na vile picha ilionyesha sihitaji kupasuliwa. Ajabu ni kwamba walisikiliza. Msichana mmoja akauliza kazi gani ni nzuri zaidi.

"Ukipenda kutembea na mgonjwa mpaka amalize matibabu, njoo kwangu," Akinyi akamjibu. "Ukipenda kujua kilicho ndani, enda kwa Barasa. Hafichi kitu."

Tangu siku hiyo siinui picha mbele ya watu kabla sijaitazama mwenyewe, hata iwe ya kitambulisho.

Jioni ya siku hiyo Mama Wanjiku akaniita kwake, akaniwekea papai zima lililokatwa.

"Kula," akasema. "Sitaki mkwe mgonjwa."

Nikala lote, Wanjiku akitazama ukuta ili asicheke.