Kiwavi Kwenye Leso ya Shangazi

Vuli ilikuwa imekwisha na jua la kaskazi limeanza kuuma shangazi aliponiambia nimpeleke kaya, ule msitu wa wazee wetu huko nyuma ya Kakuyuni, akatazame maua kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Mimi ni mtu wa daftari. Naamini jicho kuliko mizimu. Nilikubali kwa ajili ya maua.

Viatu tuliviacha mwanzo wa njia. Sheria ya kaya ni fupi: hakitoki kitu, hata jani. Niliandika nilichokiona: maua madogo ya buluu yanayofumba jua likipanda, mbawakawa wa kijani kwenye gome lililooza, nyenje wasiokoma kupiga kelele. Kivunjajungu akatugeuzia kichwa kutoka kwenye kijiti.

"Usimguse huyo," alisema shangazi. "Nimebakiwa na vyungu viwili tu."

Tulirudi kwake kwa bodaboda. Alipokuwa akikunja leso akamwona kiwavi mnene, wa kijani, mwenye mstari mweupe ubavuni. Uso ukambadilika.

"Tumemtoa," alisema. "Mwanangu, mrudishe. Sitapata usingizi na kitu cha kaya nyumbani mwangu."

Nilimbeba ndani ya jani, kwa miguu, katika jua lile. Nusu ya safari, penye njia panda, palikuwa na kichaka cha vishada vya maua kilichojaa vipepeo. Nikajiambia jani ni jani. Nikamweka pale, nikakaa kivulini kiasi cha muda wa kwenda na kurudi, nikiwaandika wale vipepeo mmoja mmoja. Nakiri niliburudika.

"Umemweka wapi?" aliniuliza shangazi niliporudi.

"Kwenye maua."

"Maua gani?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa, lakini ua siwezi kulieleza vibaya. Nikamwambia: vishada vidogo, manjano katikati, rangi ya chungwa pembeni, jani lake linakwaruza kidole.

"Hayo kaya hayamo," alisema shangazi. "Hayo ni ya njia panda."

Akajifunga leso, akachukua fimbo. Nilimsihi abaki, nikaapa nitakwenda mwenyewe. Alikuwa ameshatoka mlangoni. Mwendo ambao mimi huutembea kwa robo saa ulituchukua karibu saa nzima, naye kila hatua chache akisimama na kulishika goti la kushoto.

Kuku wa jirani walikuwa wanaparura chini ya kichaka. Nilipekua jani kwa jani, juu na chini, hata mikono ikanichubuka. Kiwavi hakuwapo. Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

"Niwie radhi, shangazi," nikasema.

Alikuwa anatazama upande wa msituni.

"Si mimi wa kuombwa radhi," alisema. Akavua viatu palepale njia panda, akashika njia ya kaya.